Siku Tano za Kupima Chemchemi

Ofisi yetu ilikuwa Muhumba, mjini Bukavu, katika nyumba ya zamani yenye veranda, na dirisha la chumba changu lilitazama ziwa. Wageni waliofika kwa mara ya kwanza walisimama pale dirishani wakauliza inakuwaje mji wenye maji mengi namna ile uwe na ofisi nzima ya kuamua ugomvi wa maji. Mimi sikuwa na swali hilo. Niliishi Nguba, karibu na ziwa hilohilo, na asubuhi nyingi kabla ya kazi nilibeba bidoni mbili, madumu ya kuchotea, kwa jirani ambaye bomba lake lilikuwa bado linatoa maji.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shuleni nilikuwa nimefundishwa jinsi maji yanavyotembea chini ya udongo, niliweza kuyachora kwa mishale ya bluu kwenye karatasi, na nilijiona mtaalamu. Nikikumbuka leo nacheka, lakini nacheka kwa upole. Ninamkumbuka kwa hamu yule msichana niliyekuwa, na zaidi mtu aliyempokea kazini.

Huyo alikuwa sefu wetu, mkuu wa ofisi, mzee mrefu, mwembamba, aliyebakiza miaka miwili tu apumzike. Alivaa suti ya kijivu siku zote, hata tukienda vijijini. Suruali aliikunja vizuri akaiingiza ndani ya buti, na koti halikutoka mwilini. Sote tulimwita Papa Sefu. Kampuni yoyote iliyotaka kuchota maji kwa kazi yake, iwe ya soda au ya dhahabu, faili lake lilipita mikononi mwa mzee huyo, naye aliandika kwa mkono, kwa herufi zilizolala upande kama majani ya mtama penye upepo, kama anakubali au anakataa. Alikuwa na tabia moja iliyotuchosha. Ukimwendea na kusema unafikiri jambo fulani, hakuuliza kwa nini unafikiri hivyo. Aliuliza kama umepima. Kama hukupima, alirudi kwenye karatasi zake, na wewe ulibaki umesimama hadi ujiondoe mwenyewe.

Barua ilifika kiangazi kimoja, mwezi wa saba. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katika kaye, daftari la shule, na chini yake majina ya akina mama yalifuatana hadi upande wa pili. Wale wasiojua kuandika waliweka alama ya kidole. Ilitoka kwenye kilima kimoja cha Mwenga. Walisema walikuwa na chemchemi mbili, moja juu na moja chini. Ile ya juu ilikuwa imekauka, na ya chini ilikuwa inakufa polepole, tangu kampuni ya dhahabu ya bondeni ilipochimba visima virefu viwili kwa ajili ya kiwanda chake cha kusaga na kuosha mawe.

Papa Sefu alitoa faili la kampuni ile. Ruhusa tuliyowapa ilisema mto. Visima havikutajwa popote. Tuliwaandikia, nao wakajibu kwa adabu: kiangazi mto hupungua, ndiyo maana wakachimba; chemchemi nazo hupungua kiangazi kila mahali; tena chemchemi hizo ziko juu ya visima, na maji hayapandi mlima. Nilisoma jibu hilo nikaona lina akili. Niliposema hivyo, Papa Sefu aliniambia nitafute ndoo ya lita ishirini, saa yenye sekunde, na buti.

Tuliondoka alfajiri kwa gari la ofisi. Zamani njia ile ilikuwa mbaya kwa mashimo, siyo kwa watu wenye silaha, na mtu alilalamikia mgongo wake tu. Tulipita Nyangezi penye baridi, tukapanda Walungu, kisha tukateremka kwenye joto na michikichi. Papa Sefu alinionyesha kila kijito tulichovuka. Kimoja alikijua tangu ujana wake, na aliniambia kilikuwa kinafika wapi enzi hizo kama vile mtu anavyoeleza unene wa zamani wa ndugu aliyekonda.

Aliyetupokea kilimani alikuwa mjane wa makamo, mkulima wa muhogo na mpunga. Akina mama wenzake walikuwa wamemchagua kuwa mlinzi wa chemchemi. Kazi yake ilikuwa kuondoa majani, kuzibua bomba, na kumfukuza yeyote anayetaka kufulia nguo pale wanapochota. Alitupa bugali ya muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese, na mkwe wake alikula nasi. Mkwe huyo alifanya kazi kiwandani kwa kampuni. Jioni ile nzima hakusema neno juu ya maji, na hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi tulikwenda kwenye chemchemi ya chini. Bomba lilitoa uzi wa maji mwembamba kama kidole changu kidogo. Akina mama walikuwa wamepanga bidoni za njano kwa mstari mrefu uliopinda hadi ndani ya migomba. Papa Sefu alimuuliza yule mama kama kuna mtu aliyewahi kupima, kabla ya visima, bidoni moja inachukua muda gani kujaa. Alijibu kwamba hawana saa. Kisha akafikiri kidogo, akasema:

"Miye ninaimbaka. Kila asubuhi ninaweka bidoni yangu, naimba wimbo wa kanisa, moja tu, wa beti ine. Mbele, bidoni ilikuwa inajaa nikiwa bado ku beti ya pili. Sasa namaliza wimbo muzima, narudilia mwanzo, na bado haiyajaa."

Nilitabasamu. Papa Sefu hakutabasamu. Alimwomba, kwa heshima kama anayemwomba padri, aimbe wimbo ule kama anavyouimba kila siku, nami nishike saa. Mama aliona haya, akatazama wenzake, kisha akafumba macho akaimba. Alipomaliza, Papa Sefu alimwomba arudie. Tulimwimbisha mara tatu ile asubuhi na mara moja mchana alipokuwa amechoka. Tofauti kati ya mara hizo ilikuwa ndogo kuliko muda wa kuvuta pumzi. Niliandika sekunde zile kwenye kaye yangu, beti kwa beti, na mkono wangu haukuwa tena na dharau. Hakuna ofisi iliyokuwa na namba ya kale ya chemchemi ile. Alikuwa nayo yeye, katika koo lake.

Siku iliyofuata tulikaa na watu wa kampuni kiwandani. Walikuwa wawili: enjinia, kijana wa Bukavu ambaye, kumbe, watoto wake walisoma karibu na kwetu Nguba, na mwanasheria aliyetoka Kinshasa. Mwanasheria aliuliza kama tuna kipimo chochote cha kabla ya visima. Papa Sefu alisema tunao, ni wimbo, akaeleza. Mwanasheria alicheka bila ubaya, akasema wimbo si ushahidi, na hata ungekuwa ushahidi, usingeonyesha nani aliyekausha: pampu au jua. Nilitegemea Papa Sefu abishane. Alikubali. Alisema ndiyo sababu anaomba pampu zote mbili zisimame siku tano. Jua litaendelea kuwaka siku hizo tano kama kawaida. Kama chemchemi itaendelea kupungua, atawaomba radhi kwa barua. Kama itaongezeka, tutajua.

Enjinia alisema siku tano bila kuosha mawe ni jambo kubwa. Papa Sefu alimjibu kwamba anaelewa. Lakini vile visima havina ruhusa, na kuandika hivyo hakuhitaji kupima chochote. Enjinia alitoka nje akapiga simu muda mrefu. Aliporudi alisema sawa.

Papa Sefu alikuwa na nyonga inayomuuma, hakuweza kupanda kilima kila siku. Alilala parokia, huko chini, na mimi nikabaki kwa yule mama. Agizo lake lilikuwa fupi: mara tatu kwa siku, asubuhi, saa sita na jioni, ndoo ileile, mahali palepale, niandike ninachokiona.

Siku zile tano ndizo ninazozirudia nikiwa nimekaa peke yangu sasa. Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa bondeni, na kwa kuwa mashine za kiwandani zilikuwa zimenyamaza, tulisikia majogoo wa kilima cha ng'ambo. Akina mama walisema walikuwa wamesahau kilima kile kina majogoo. Walinifundisha kubeba bidoni mgongoni kwa kamba inayopita kwenye kipaji cha uso, wakanicheka nilipotembea kama bata. Siku ya kwanza maji hayakubadilika. Siku ya pili hayakubadilika. Jioni ile nilimwambia mama kwamba labda kampuni ina haki. Alikuwa anapepeta mchele; hakuinua kichwa. Alisema udongo si mtu wa kuitwa akaja mbio.

Siku ya tatu asubuhi ndoo ilijaa mapema kidogo. Nilirudia, nikapata vilevile. Nilifurahi hata nikakimbia na mama hadi shambani kuwaambia wenzake, nao wakafurahi, wakasema tukaoge mtoni wote, kwa kuwa mto nao ulikuwa safi siku hizo bila tope la kiwanda. Tuliteremka. Maji yalikuwa ya baridi, tulicheka, tulisuguana migongo kwa majani, na nilipokumbuka kipimo cha saa sita jua lilikuwa limeshapita mbali. Nilipanda kilima mbio, mama nyuma yangu. Nilifika karibu na jioni. Nikapima cha jioni, kisha nikakaa kwenye jiwe nikatazama ule mstari mtupu wa saa sita. Namba ya asubuhi ilikuwa juu yake, ya jioni chini yake. Niliandika namba ya katikati. Nilijiambia kwamba ingekuwa hivyo tu hata kama ningeipima, na kweli, labda ingekuwa hivyo.

Siku ya nne iliongezeka tena. Siku ya tano asubuhi mama aliweka bidoni yake, akaanza kuimba, na maji yakafurika alipokuwa ndani ya beti ya tatu. Alinyamaza palepale. Hakuna aliyepiga vigelegele; akina mama walisimama tu wakitazama maji yanavyomwagika pembeni ya bidoni, kana kwamba wangesema neno yangesikia yakarudi. Kwenye chemchemi ya juu mawe yalikuwa yamelowa. Tulichimba kidogo kwa vidole tukapata tope baridi.

Kikao kilifanyika kesho yake katika darasa la shule ya msingi, madawati yakiwa mafupi kwa magoti yetu. Walikuwapo enjinia na mwanasheria, akina mama wa kilima, na nyuma kabisa wafanyakazi wa kiwandani, mkwe wa yule mama akiwa mmoja wao. Papa Sefu alichukua kaye yangu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, siku kwa siku. Alifika siku ya tatu. Akasoma ya asubuhi. Alisogeza kaye karibu na dirisha, akaitazama kwa muda, kisha akanigeukia.

"Hii ya saa sita, ulipima?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama alivyouliza siku zote ofisini. Nilihisi darasa zima likinitazama, na nilijua kwamba nikisema ndiyo hakuna mtu darasani atakayenikanusha. Nilijua pia kwamba yeye ameshaona: ile namba ilikaa katikati sawasawa mno.

"Hapana, Papa," nikasema.

Alichukua kalamu, akaikata namba ile kwa mstari mmoja, hakuichafua, ili kila mtu aweze kuisoma chini ya mstari. Akaweka sahihi yake pembeni. Kisha akaendelea kusoma ya jioni kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nilitazama mikono yangu. Machozi yalikuwa karibu, nikayazuia kwa sababu akina mama walikuwa hapo, na wao ndio niliokuwa nimewaharibia.

Alipomaliza, mwanasheria alisimama, na alikuwa na haki ya kusimama. Alisema kama namba moja ni ya uongo, nani atasema nyingine ni za kweli. Papa Sefu alimjibu kwamba swali ni zuri, na kwamba kama kampuni inataka, tutaanza upya siku tano nyingine, naye mwenyewe atapanda kilima na nyonga yake. Yule mama aliinuka kutoka kwenye dawati.

"Nilikuwaka naye," akasema. "Kila mara alipopima, nilikuwa hapo. Ile moja tu, tulikuwa ku mutoni, siye ndio tulimupeleka. Ile ingine yote nimeona na macho."

Enjinia alikuwa ameomba ile kaye, akawa anaipitia. Hatimaye alimwambia mwanasheria wake, kwa sauti ya kutosha sisi sote kusikia, kwamba namba iliyokatwa ilikuwa inawasaidia akina mama, na watu wa ofisi wameikata wenyewe mbele ya wote. Yeye hana sababu ya kukataa zilizobaki. Akaongeza kwamba hataki siku tano nyingine.

Masharti yaliandikwa palepale, kwa zile herufi zilizolala. Miezi ya kiangazi kisima kimoja kifungwe kabisa, kingine kifanye kazi nusu ya siku. Maji ya kuoshea mawe yakusanywe katika mabwawa, yatulie, yarudishwe kiwandani badala ya kumwagwa mtoni. Kila bomba la kisima liwekwe mita, na namba zake ziandikwe kila wiki katika kaye itakayokaa shuleni, ambapo mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuifungua. Na kampuni ije Bukavu kuomba ruhusa ya visima kama inavyotakiwa. Kabla ya kusaini, mkwe wa yule mama alisema kutoka nyuma kwamba nusu ya siku kwa pampu ni nusu ya siku kwa wafanyakazi pia, na wao wana familia. Hakuwa anamchokoza mtu. Alikuwa anasema kweli. Mama mkwe wake alimjibu bila kugeuka:

"Mutoto wako anakunywaka nini?"

Lakini Papa Sefu alilichukua neno la mkwe kwa uzito. Aliongeza mstari mwingine, kwamba mabwawa yachimbwe na wafanyakazi walewale, na enjinia akaukubali.

Tukaanza njia ya kurudi. Nilikuwa nimeshatunga kichwani barua ya kuacha kazi. Tulipofika Nyangezi, Papa Sefu alimwambia dereva asimame, akanunua ndizi mbivu, akanipa kichane kikubwa, yeye akabaki na kidogo. Tulipokaribia mji, taa za Muhumba zikiwa zimeanza kuonekana ng'ambo, alisema, "Kesho utaandika ripoti. Uweke na ile iliyokatwa." Ile barua ya kuacha kazi sikuiandika.

Masharti yalishikwa, si kikamilifu, lakini yalishikwa. Kiangazi cha kwanza kampuni ilichelewa kufunga kisima, akina mama wakaona katika kaye ya shule kabla yetu, wakatuma habari, na kisima kikafungwa. Mabwawa yalichimbwa. Chemchemi ya chini haikurudi kuwa ya zamani, ila mstari wa bidoni ulifupika hadi hauingii tena ndani ya migomba.

Papa Sefu alistaafu kama alivyopangiwa, akarudi kwao Kabare kulima kahawa, na tulimzika miaka minne baadaye akiwa na ile suti ya kijivu. Kwa vita vilivyofuata, ofisi ya Muhumba imefungwa milango. Baadhi ya wenzangu wako nje ya nchi, wengine wamebaki nyumbani kama mimi, na njia ya Mwenga si ya kwenda kwa kupenda tena. Wakati mwingine vijana wananiuliza kama kazi ile ilikuwa na maana katika nchi kama yetu. Ninawaambia juu ya lile darasa la madawati mafupi.

Mara ya mwisho nilipofika kule, kabla ofisi haijafungwa, nilikuwa peke yangu na dereva. Nilipima chemchemi zote mbili. Ile ya juu haikuwa na kitu, hata lile tope baridi lilikuwa limeondoka, na akina mama waliniuliza waisubiri mpaka lini. Ningeweza kusema mvua nzuri ikija. Niliwaambia kwamba nimepima, na kwamba sidhani kama itarudi. Yule mama, mlinzi wa chemchemi, aliitikia kwa kichwa. Alisema walishajua, walitaka tu kuona kama nitawaambia. Kisha alinionyesha nyuma ya mawe, pale ambapo udongo ulikuwa bado na unyevu kidogo kuliko mahali pengine: walikuwa wamepanda miwa. Alikata mmoja, akaumenya kwa panga, akanipa kipande cha katikati. Tulikaa juu ya yale mawe makavu, tukitafuna na kutema, hadi dereva alipopiga honi huko chini.